Jiwe la Msingi la Lori la Kitandawe

Nchi hii huioni kwenye ramani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa kukarabatiwa na mpaka leo haijarudi. Lakini ipo, na ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara, na ina Wizara ya Vitu Vinavyotembea, ambayo lifti yake imesimama tangu siku ilipozinduliwa.

Katika nchi hiyo mwananchi anaruhusiwa kumiliki gari. Anaruhusiwa kuliosha, kulipaka rangi, hata kuandika nyuma yake maneno ya kumfariji anayefuata. Asichoruhusiwa ni kufungua boneti. Sheria ya Boneti ilipita bungeni kwa kupigiwa makofi na meza, baada ya wabunge kuelezwa kwamba chini ya boneti mna mambo mazito na mambo mazito yana wenyewe. Wenyewe ni Wakala Mkuu wa Magari, mmoja tu nchi nzima, mwenye gereji ya sakafu ya marumaru. Mafundi waliozoea kutengeneza magari pembeni mwa barabara walipewa semina, kofia, na ushauri wa kufuga kuku.

Ndiyo maana lori la Kitandawe lilipoanza kuchemsha, Mwasiti alijua kuna mahali pamoja tu pa kwenda.

Kitandawe ni kijiji cha juu kabisa mlimani, na watu wake hulima nyanya. Lori lilikuwa la kikundi cha akina mama, kuukuu lakini lenye moyo. Lilishusha nyanya, likapandisha sabuni, chumvi na wageni. Mwasiti, katibu wa kikundi, alikuwa na sababu yake ya kulipenda. Binti yake Tunu alizaliwa mle, nyuma, katikati ya makreti ya nyanya, kona chache kabla ya hospitali. Mkunga alikuwa Bi Regina, mwenyekiti wa kikundi, na taa ilikuwa ya simu. Tangu siku ile akina mama waliapa kwamba hakuna tena mtoto wa Kitandawe atakayezaliwa huku anayumbishwa. Walifyatua matofali, wakainua kuta za chumba cha kujifungulia kwa mikono yao. Zikabaki bati tu. Bati zingetokana na nyanya za msimu huu, nyanya zingeshushwa na lori, na lori lilikuwa linatoa mvuke kama birika.

*

Aliyeliteremsha mjini alikuwa Kibwana, dereva, mdogo wa mumewe Mwasiti, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa mafuta. Walishuka taratibu, wakisimama kila penye kijito kuliongezea maji. Mwasiti alikuwa na Tunu mgongoni, na moyoni alikuwa na imani. Alikuwa mtu wa kuamini. Akiona mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, huwaza kwamba ndani yake mna watu wanaojua kazi.

Ukumbi wa Wakala Mkuu ulikuwa baridi kama asubuhi ya Kitandawe. Katikati palisimama kabati la kioo lenye taa ndani. Juu ya kitambaa chekundu, kando ya boksi lake, ulilazwa mkanda wa feni, mpya, mweusi, unang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Pembeni palikuwa na kibao: SPEA HALISI. USIGUSE. KABATI HILI LILIZINDULIWA NA MHESHIMIWA PROFESA RWAMBOGO, WAZIRI WA VITU VINAVYOTEMBEA.

"Si ndio huo," Kibwana alisema. "Mkanda wetu umekwisha, feni haizunguki, gari linachemsha. Tufungieni huo twende zetu."

Meneja, Bwana Fulgensi Mabelele, alitoka ofisini kwake akitabasamu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu mteja," alisema kwa upole, "nikikufungia wewe mkanda huu, wateja wengine watajuaje kwamba tunao?"

Mwasiti aliona kuna mantiki ndani yake, ingawa hakuipata vizuri. Akalipia mkanda mwingine wa aina ileile. Lori likasukumwa nyuma ya pazia zito la kijani, maana kwa Wakala Mkuu kazi ya fundi haitazamwi.

*

Siku ya kukabidhiwa gari, mahema yalifungwa uani. Katika nchi hiyo gari lililotengenezwa haliondoki hivihivi tu kama mtu asiye na ndugu. Zilikuwepo tarumbeta, ilikuwepo kwaya ya wafanyakazi, na kwenye meza kuu walikaa watu wengi kuliko waliokaa kwenye viti vya wananchi. Kukasomwa risala ya lori. Lori lenyewe halikuweza kusema, kwa hiyo alisoma kwa niaba yake dada wa mapokezi, Imakulata.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Mimi lori ninayo furaha kubwa kusimama mbele yako."

"Kusimama ndiko linakoweza," Kibwana alinong'ona.

"Nyamaza, shemeji. Muda wa mkanda utafika."

Muda wa mkanda haukufika. Risala iliishia kwenye kuomba eneo la kupanua gereji.

Palitokea hitilafu moja ndogo. Utepe wa kukatwa ulikuwa mfupi. Mshereheshaji aliomba radhi kwamba umepungua kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa kamati, ukafungwa kwenye kioo kimoja cha pembeni, upande wa pili akaushika mwanakwaya mwenye mkono mrefu. Profesa Rwambogo aliukata hivyohivyo.

"Ziko nchi," alisema mheshimiwa, na tarumbeta zikanyamaza, "ambazo magari yao yanatembea tu. Yanatembea bila dira. Yanatembea bila hotuba. Sisi tulikataa. Sisi tumesema, kabla gari halijatembea, kwanza lieleweke."

Watu walipiga makofi. Mwasiti naye alipiga, akaichukua mikono midogo ya Tunu akampigisha.

Lori lilieleweka hadi mzunguko wa pili wa barabara, pale penye sanamu ya spana. Hapo mvuke ukatoka, maji yakatoka, na Kibwana akatoka akiwa ameshika kofia kichwani. Wakarudi kwa Wakala Mkuu wakivutwa na trekta la taka.

*

"Lori halijaharibika," alisema Bwana Mabelele.

"Linachemsha, baba," Mwasiti alisema. "Liguse."

"Dada yangu, lori hili limezinduliwa. Sasa kama limezinduliwa, halafu wewe unasema limeharibika, tuseme aliyekosea ni nani?" Akageuka polepole kuitazama picha ya Profesa Rwambogo ukutani, akarudisha macho. "Mimi siwezi kumtaja. Wewe unamtaja?"

Kibwana alifungua mdomo. Mwasiti akamfinya.

"Simtaji," alisema. "Lakini nyanya ziko shambani, baba. Mnyanya haujui kama kuna uzinduzi."

Ndipo Bwana Mabelele akapata wazo. Lile la kwanza halikuwa kosa. Lilikuwa Awamu ya Kwanza. Sasa ingefuata Awamu ya Pili ya Mradi wa Lori la Kitandawe, na kwa kuwa sasa ni mradi, lazima uwe na jiwe la msingi.

Hapa isilaumiwe kampuni peke yake. Katika nchi hiyo hakuna kinachoanza bila jiwe la msingi. Shule ina jiwe, choo cha shule kina jiwe, na kuna uwanda mmoja mpana kusini wenye mawe matupu, ambao watoto hudhani ni makaburi. Tatizo lilikuwa kwamba lori halina ukuta. Afisa itifaki alikuja na futi ya kupimia, akalizunguka, akapima, akainama, akaamua kwamba jiwe litakaa juu ya boneti, maana ndiyo sehemu ya lori inayowatazama wageni.

Mheshimiwa akarudi. Kwaya ikarudi. Slabu ya marumaru yenye jina la Profesa Rwambogo ilipachikwa juu ya boneti kwa saruji ya kutosha, mheshimiwa mwenyewe akipiga mwiko mara tatu kwa ajili ya kamera. Saruji ilijaa pembeni, ikaingia kwenye mianya yote, ikakauka vizuri sana, maana ilikuwa siku ya jua.

Wageni walipoondoka, msimamizi wa mafundi alikuja akakuna kichwa.

"Meneja, sasa boneti tutaifunguaje?"

"Utafungua nini, na waziri ameshaweka jiwe?"

"Si tuna kazi ndani."

"Kazi ipo nje pia," alisema Bwana Mabelele. "Anzeni na nje."

*

Wakaanza na nje. Walipaka rangi magurudumu. Walibadilisha honi, ikawa inapiga ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Walifunga feni ndogo ndani ya kibanda cha dereva ili asipate joto lori likichemsha. Kuvunja jiwe la waziri aliye madarakani ni kifungo, na hakuna aliyekuwa tayari kufungwa kwa ajili ya mkanda.

Mwasiti na Kibwana walipanga chumba nyuma ya soko, na kila siku walikuja kukaa ukumbini. Simu ya Bi Regina ilikuja mapema, kabla milango ya kioo haijaanza kujifungua.

"Mwasiti mwanangu, zimejaa. Bado kijani, lakini zimejaa."

Kisha, "Mwanangu, zimeanza kugeuka rangi."

Kisha, "Za upande wa jua zimekuwa nyekundu. Mkwe wa Mama Tausi ana tumbo kubwa, na juzi amelala chini ya turubai mle chumbani kuangalia kama panavuja. Panavuja. Mnafanya nini huko?"

"Tunasubiri, mama."

"Mnasubiri nani?"

Mwasiti alitazama kabati la kioo.

Lililosonga mbele ukumbini humo ni jambo moja. Tunu aliyekuja akitambaa alianza kujishika kwenye viti. Akajishika kwenye kabati, akaacha alama za vidole kwenye kioo, na Imakulata akazifuta akimtekenya. Asubuhi moja mtoto aliachia kiti, akasimama peke yake akishangaa, kisha akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akavuka marumaru yote mpaka kwenye goti la mama yake, akaangukia hapo. Mwasiti alimkumbatia, machozi yakamtoka.

Bwana Mabelele aliona kupitia dirisha la ofisi yake. Ijumaa ile ile alipeleka wizarani taarifa ya maendeleo, na nakala yake akaibandika ukutani kwa fahari. Mwasiti akaisoma akiwa amesimama. Tangu mradi huu uanze, iliandikwa, mnufaika mmoja aliyefika hapa akiwa hawezi kutembea, sasa anatembea.

Aliisoma tena. Palepale kitu kikamtoka Mwasiti, kile kitu kilichokuwa kinampigisha makofi. Alitoka uani, akasimama mbele ya lori, akaweka kiganja juu ya lile jiwe. Lilikuwa na joto la jua. Akaligonga kwa kidole.

"Shemeji," alimwambia Kibwana, "hili si zito kihivyo. Kwa tindo na nyundo linatoka mara moja."

"Linatoka, na sisi tunaingia. Ndani."

"Kwa sababu ya jina."

"Kwa sababu ya jina."

"Basi kilichotuzuia si saruji," alisema Mwasiti.

Alikwenda sokoni, akaazima tindo na nyundo kwa mchonga vinu. Akavifunga kwenye khanga na nepi za Tunu, na kuanzia hapo akaja navyo kila siku. Aliacha kumtazama Bwana Mabelele. Akawa anasikiliza redio ya mapokezi.

*

Taarifa ilikuja saa ya chai. Mtangazaji alisema mkuu wa nchi amefanya mabadiliko madogo, na kwamba Profesa Rwambogo atapangiwa kazi nyingine. Nafasi yake imechukuliwa na Mheshimiwa Daktari Makumbusya, ambaye kesho ataanza ziara yake kwa Wakala Mkuu wa Magari.

Kikombe cha Bwana Mabelele kilibaki hewani. Kisha jengo zima likaanza kukimbia. Picha ikashushwa, ikabakiza mraba mweupe ukutani. Vibao vikang'olewa. Kwaya ikaitwa haraka ukumbi wa nyuma, kwa sababu wimbo wa mapokezi ulitungwa kwa jina la Rwambogo, na Makumbusya lilizidi, halikukaa kwenye sauti. Waliimba, wakakwama, wakaanza upya. Mafundi wote walikuwa humo, wakiimba besi.

"Na lile jiwe uani?" Imakulata aliuliza.

Bwana Mabelele alishika kichwa. Mpaka dakika ile, kulivunja jiwe lile ilikuwa kosa. Kuanzia dakika ile, kuwa nalo ndilo likawa kosa.

"Livunjwe," alisema. "Livunjwe sasa hivi. Nani ana nyundo?"

"Mimi, baba," Mwasiti alisema, akafungua khanga.

Meneja hakuuliza mteja anafanya nini na nyundo kwenye nepi. Alikuwa ameshakimbilia kwenye kwaya.

Kibwana alipiga tindo, Mwasiti akazoa vipande. Jina la Profesa lilitoka silabi kwa silabi. Saruji ikabanduka, boneti ikalia, ikainuka. Wakachungulia wote watatu, maana Tunu naye aliinuliwa aone.

Mahali pa mkanda wa feni palikuwa na utepe. Utepe wa hariri, wenye rangi zote za taifa, umezungushwa kwenye magurudumu ya feni na kufungwa fundo zuri la maua, kama zawadi ya harusi. Katikati ulikuwa umeungua.

Kibwana alikaa chini juu ya vipande vya jiwe. "Kumbe ndiyo maana siku ile ulipungua."

Mwasiti hakukaa. Alirudi ukumbini, akasimama mbele ya kabati. Imakulata alimtazama, akatazama mlango wa nyuma ambako kwaya ilikuwa imekwama tena, akavuta droo na kutoa ufunguo.

"Umeshaulipia, si ndiyo?"

"Nimeshaulipia."

"Chukua, dada'ngu. Mimi nimechoka kuupangusa vumbi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Boksi lake liache humo. Wakaguzi wakija huwa wanaangalia boksi."

Mkanda ulifungwa kwaya ikiwa ubeti wa tatu. Kibwana alikuwa amefunga mikanda mingi barabarani kabla ya Sheria ya Boneti, kama madereva wote, na mikono haikuwa imesahau. Lori likawaka. Feni ikazunguka. Walisubiri mvuke, na mvuke haukuja.

Kwenye geti mlinzi alisimama katikati ya njia.

"Kibali cha kutoka?"

"Hatuna," Mwasiti alisema.

"Basi halitoki. Amri ya waziri, gari la mradi lisitoke."

"Waziri yupi, kaka?"

"Mheshimiwa Rwam..." Mlinzi alisita. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kama wewe bado unatii amri yake, hatukuzuii," Mwasiti alisema kwa huruma ya kweli. "Ila tutaje jina lako? Tukiulizwa nani alituzuia kwa amri ya yule?"

Mlinzi alifungua geti. Alilifungua lote, mpaka mwisho, akapiga saluti. Kibwana akajibu kwa honi, ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa, na mlinzi akalazimika kubaki wima mpaka lori likapotea.

*

Walifika Kitandawe jua likiwa bado juu. Bi Regina alikuwa njiani na makreti, na akina mama wote nyuma yake. Nyanya za chini zilikuwa zimepasuka, zinatoa maji. Nyingine zilikuwa laini mno, zikaachwa kwa mbuzi. Hakuna aliyelia, walichagua tu, haraka, mikono ikiwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na kilichobaki kikajaza lori nusu na zaidi kidogo. Usiku haujaingia walikuwa wameshashuka tena.

Nusu ya nyanya hutoa nusu ya bati. Mwasiti alipiga hesabu zake kichwani alipokuwa anachagua dukani, akaamua waanze na upande wa chumba ule ambao kitanda kitakaa. Upande mwingine ungengoja msimu, na turubai lilikuwepo.

Siku iliyofuata walikuwa wanapanda mlima tena. Bati zilikuwa zinapiga kelele nyuma, feni inazunguka, na Tunu amesimama kwenye mapaja ya mama yake, ameshika dashibodi kama mkuu wa msafara. Redio ikaleta habari.

Waziri mpya wa Vitu Vinavyotembea, alisema mtangazaji, leo ameweka jiwe la msingi la Awamu ya Tatu ya Mradi wa Lori la Kitandawe, katika sherehe zilizofana. Mheshimiwa Makumbusya aliweka jiwe hilo uani, mahali lori lilipokuwa, na akalisifu lori kwa kutotoa moshi, kelele wala mvuke kwa muda wote wa hotuba. Meneja wa kampuni, Bwana Fulgensi Mabelele, amesema ukarabati umefikia asilimia tisini na akawataka wananchi wa Kitandawe kuwa na subira, kwani lori lao litaonekana barabarani wakati wowote kuanzia sasa.

Kibwana alipunguza mwendo. Akachungulia kwenye kioo cha pembeni, uso umekunjamana kwa wasiwasi.

"Shemeji, tukae pembeni tulipishe hilo lori la redioni? Lisije likatugonga likija."

Kileleni, kuta za chumba kile zilikuwa zimeanza kuonekana, nyekundu kwenye jua, wazi juu. Mwasiti alimwinua Tunu azione.

"Twende," alisema. "Likija litatukuta tumeshaezeka."